Mita Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja ufunguo wa kanisa la Mnyambe
ulilala mfukoni mwangu, ukatoboa suruali tatu.
Kengele yetu, rimu ya lori, niliigonga mwenyewe.
Nyimbo nilianzisha mwenyewe, ugomvi wa mipaka niliamua mwenyewe,
Neno nililitafuna mimi, wao wakameza,
na jioni, mke wangu akinikanda mgongo,
nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi barabarani:
"Kundi hili bila mimi lingekuwa wapi?"

Jibu nililipata Ndanda, kitandani, nimepasuliwa ngiri.
Alilileta Longino Nandonde, pamoja na jogoo kikapuni.
Mama yake alikuwa amefariki Jumanne.
Tulikungoja, Mchungaji, akasema. Tulikungoja.
Alhamisi mwili ukawa hausubiri tena.
Waliobatizwa mia mbili na sita,
wengi wao nimewafundisha kipaimara, nimewafungisha ndoa,
wakasimama kuzunguka kaburi wakitazamana.
Hakuna aliyethubutu kufungua kinywa.
Wakamzika kimya, kama watu wanaofukia kitu cha wizi.
"Tuliogopa kukosea," akasema Longino,
akanikabidhi jogoo.

Zamani ningejiona mtu mkubwa.
Usiku ule nilihesabu mbao za dari.

Nilirudi nyumbani mwezi wa sita, msimu wa kupuliza salfa.
Bwana shamba wetu ni mwanamke, Somoe binti Chihipu,
Mwislamu, hana habari na sinodi wala mahubiri.
Akapita shambani kwangu na kamba yake ya kupimia,
akasimama mbele ya mkorosho nilioupenda kuliko yote,
ule mnene, matawi yamegusa chini.
"Huu," akasema, "unakula wenzake.
Mita kumi na mbili, shina hadi shina.
Mkorosho huzaa pale jua linapougusa.
Hiyo midogo si mivivu. Umeinyima anga."
Akaandika kwenye daftari, akaomba maji, akaenda zake.

Sikuukata siku ile, nisidanganye.
Niliuzunguka wiki mbili nikiutafutia sababu.

Ufunguo ndio uliotangulia kutoka.
Nilimpa Ausonia, mbangua korosho,
vidole vimeliwa na mafuta ya maganda
hata mashine ya vitambulisho ilimkataa mara tatu.
Jumapili ya kwanza alisoma somo akaruka mstari mzima.
Niliuma ulimi. Nilikuwa benchi la nyuma, karibu na watoto,
nikagundua kwamba bati pale linavuja
na kwamba mahubiri yangu, miaka yote hiyo,
pale hayafiki.

Sisemi kwamba yote yalinyooka.
Damasi alikula fedha ya saruji.
Familia mbili zilihama, zikisema mchungaji siku hizi mvivu.
Mke wangu naye akauliza, kwa upole wa kisu:
"Sasa wewe kazi yako nini?"
Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa Damasi,
nikaenda tena, na tena. Mara ya nne
nikamkuta Ausonia amefika kabla yangu, hakutumwa na mtu,
wamekaa mkekani wanahesabu, noti kwa noti, kilichobaki.
Niligeuza baiskeli taratibu, isije ikalia.

Juzi tumemzika mtoto wa Petronila.
Longino ndiye aliyeomba.
Alichanganya Kiswahili na Kimakonde, akasahau baraka,
akalia katikati, akafuta pua kwa kiganja, akaendelea.
Watu waliitikia Amina kabla hajamaliza,
wakaitikia tena alipomaliza.
Mimi nilikuwa na koleo, pamoja na vijana.
Udongo wetu mwekundu, mwepesi, huingia hata kwenye soksi.

Mkorosho ule niliukata mwezi wa pili.
Kisiki kimechipua, nakitazama.
Ufunguo wa kanisa
wiki hii sijui uko kwa nani.