Nyundo ya Mama

Kaa. Si kiti hicho, kina mguu mbovu.
Bei yako nimeisikia. Kama si mtu wa mto huu
ningekwisha kuutia kwenye gunia lako
nikahesabu fedha kabla supu haijapoa.
Lakini umeuliza mbona nyundo ni mbaya hivi.

Baba aliuchonga majira Rhône ilipoganda,
vipande vya barafu vikigongana kama masufuria,
matishali yamelala Condrieu, farasi wanakula deni.
Ennemond Chavas, mshika usukani,
hakujua kuandika jina lake,
ila Ijumaa Kuu aliijua kwa vyombo vyake:
koleo, ngazi, mkuki, sifongo juu ya ufito,
kete za askari, sita, sita, moja
(moja, alisema, ndiyo yetu),
jua lenye mashavu ya mwoka mikate,
mwezi mwembamba kama ukucha.
Jogoo alimchonga mara nne. Watatu wa kwanza walitoka bata,
tukawatia motoni, mama akacheka mpaka akashika meza.

Machi wakateremka.
Huku mabaharia wa mto hawasemi kulia wala kushoto:
ukingo huu ni Ufalme, ule ni Himaya,
majina ya wenye enzi waliokwisha kuoza.
Kila alfajiri walivua kofia, kila mtu akagusa chake.
Mpishi, sifongo. Kijana wa kamba, ngazi.
Baba aligusa nyundo,
kwa kuwa nyumbani alikuwa na ya kwake, mpini umelegea,
na mama alikuwa akimkumbusha.

Daraja la Saint-Esprit lina matao mengi,
na mto unapenda moja tu.
Sikuwepo, nasema nilichoambiwa:
mtu aliita "Himaya!", upepo wa kaskazini ukala nusu ya neno,
nguzo ikaingia ubavuni mwa mashua
kama kisu kwenye jibini.
Mfa maji, wanasema, haachi kutapatapa.
Baba aliacha. Kijana wa kamba alituapia:
mikono yote miwili ilikuwa na usukani.

Msalaba ulirudi baada ya wiki saba,
umebebwa na mwanamke wa upande wa Himaya
aliyeuokota kwenye matete alikokwenda kufua.
Hakutaka ila bakuli la maziwa.
Vyote vilikuwepo, jogoo mzima na mdomo wake.
Nyundo tu haikuwepo,
tundu jeusi, kama pengo la jino.

Mama aliugeuza uso ukutani.
Miaka sita tulikula tukitazama mgongo wa Mungu,
msonobari mtupu na alama za patasi.
Padre alikuja kutunasihi.
Mama akampa kiti kile chenye mguu mbovu.

Kisha kaka yangu Andéol akatimiza kumi na saba,
akasimama mlangoni, kofia mkononi,
akasema ameandikwa kwenye mashua ya Serrières.
Mama alimaliza kumenya viazi.
Akatwaa ukuni kapuni, kisu kilekile,
ganda bado limenata kwenye makali,
akachonga usiku kucha, yeye asiyewahi kuchonga hata mwiko.

Ndiyo hii unayoiita mbaya.
Imeipita ngazi kwa ukubwa. Kichwa kimekwenda upande.
Na hapa, lete kidole, hapa kuna doa:
alijikata, hakufuta.
Akaugeuza msalaba, ukatuangalia.
Hakupiga goti. Alisema tu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu,
"Huyu nitamhesabu."

Andéol alirudi, akarudi tena, kila safari,
mpaka meli za mvuke zikamnyang'anya kazi,
akafa kitandani, mnene, muuza mvinyo.
Usiniulize kama ni nyundo.
Akina Gonon walikuwa na msalaba mzuri kuliko huu
na wote watatu wako chini ya maji.

Jogoo nitakuuzia. Tazama, anatoka, kigingi kimelegea.
Weka fedha pale, kando ya chumvi.
Na ukishuka ngazi shika upande wa Himaya;
upande wa Ufalme una utelezi.