Ongeza Moja

Jumanne jioni, maktaba ya Viljandi:
wanafunzi saba, hita moja inayokohoa,
na mwalimu wetu Rasmus, mdogo kuliko koti langu.
Anasema, namba ya lenzi ikipungua, tundu hupanuka.
Nikaandika daftarini: ndogo ni kubwa.
Miaka arobaini nimekata vitambaa kwa sentimita,
leo ndiyo naambiwa ndogo ni kubwa.

Wiki ya kwanza nilipiga picha za kidole changu.
Wiki ya pili, paka: mkia umeng'aa, uso ukungu mtupu.
Wiki ya tatu nikaitokea theluji,
ile ya alfajiri, ambayo hata kunguru hajaitia sahihi.
Nikapiga. Nikachungulia kioo cha nyuma.
Kijivu.
Kijivu cha maji yaliyofuliwa soksi.

"Kamera haiuamini weupe," alisema Rasmus.
"Ikiuona mwingi hudhani inadanganywa,
basi huupunguza. Wewe ibishie. Ongeza moja."
Nikazungusha kigurudumu hadi kwenye alama ya kujumlisha,
theluji ikarudi.

Nilitembea nalo neno hilo mpaka nyumbani.
Mama yetu alikuwa hivyo:
furaha ikibisha hodi, aliipunguza kwanza
ndipo aifungulie mlango.

Jumapili nikamsimamisha Leida, mdogo wangu,
mbele ya banda la kuni, magogo ya betula nyuma yake.
"Harakisha, masikio yanakatika."
Nikaongeza moja. Nikashusha pumzi, nikabonyeza.
Na kwa mara ya kwanza, jicho limekaa sawasawa,
kope zinahesabika,
na chini ya kope, kovu.

Geti nililisahau mimi, nikiwa na miaka tisa.
Mbwa wa jirani hakulisahau.

Usiku, kwenye kompyuta, ndipo nilipofika kwenye brashi.
Inaitwa ya kuponya, sikuibuni mimi.
Waya wa umeme: umepona.
Doa la vumbi: limepona.
Gari la Kalju limepona kiasi kwamba halipo.
Kisha mkono, bila kuniuliza,
ukashuka shavuni kwa Leida.
Kazi hii naijua. Ni kiraka:
unakata ngozi nzima hapa, unaishonea pale,
ila uzi hauonekani.
Nilikesha na shavu lile. Lilikuwa laini kama sahani.

Nikampelekea. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa.
"Nani huyu?"
"Wewe."
"Mimi niliumwa na mbwa. Huyu hajaumwa na yeyote.
Mrudishe."

Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kovu likarudi.
Kwa pupa nikabonyeza tena,
na gari la Kalju likarudi, limeegeshwa palepale,
gurudumu moja juu ya maua yetu, kama kawaida yake.

"Hilo liondoe," akasema Leida. "Kovu ni langu."
Akakisogelea kioo.
"Na hiki kidevu cha pili,
kama hiyo brashi yako ina huruma kweli…"

Akacheka hata miwani ikadondokea kwenye chai.
Kamera ilikuwa mapajani. Sikupima kitu,
si tundu, si kasi, si mwanga wa taa ya jikoni.
Imetoka imetikisika, na giza kama pishi la viazi.

Ndiyo hii hapa, juu ya friji.
Nimeiongezea moja.