Udongo wa Viatu

Fomu ya forodha haina mzaha:
viatu viwe safi, hema liwe safi,
hata magurudumu ya kigari cha mtoto yatakaguliwa.
Huko Nyuzilandi hawataki punje ya udongo wa watu.
Basi usiku huu, jikoni kwetu Arbroath,
mimi na Ruaridh tumekaa sakafuni
na beseni, na miswaki minne iliyochakaa,
tunaisugua Uskoti itoke kwenye nyayo.

Huu mwekundu ni wa shamba la viazi nyuma ya shule.
Huu mweusi, wenye nyuzi za nyasi,
ni wa makaburini, tulipomzika baba yake
mwezi wa pili, mvua ikija kwa ubavu.
“Na huu?” ananiuliza.
Sijui. Nasugua tu.

Mizani ya bafuni imehamia ukumbini.
Kilo ishirini na tatu kila sanduku.
Miaka tisa ya ndoa, na bado tunagombania sufuria.
Yeye anataka randa ya babu yake,
mimi blanketi lililofumwa na shangazi,
zito kama mbwa aliyelowa.
Tunapima, tunatoa, tunapima.
Mwishowe randa inaachwa, blanketi linaachwa,
zinaingia chupa tatu za dawa ya kikohozi cha watoto,
kana kwamba ng'ambo kikohozi hakina dawa.

Effie, wa miaka miwili, hajui kuna safari.
Anajitosa sandukuni, analala juu ya masweta:
“Funga,” anasema. “Funga!”

Struan ana mitano, na maswali.
Ameuliza kama mwezi wa kule ndio huuhuu.
Nikamwambia ndio, ila utauona umepinduka.
Alilia hadi akatapika.
Ukweli mwingine ungeweza kungoja.

Mama yangu huja kila siku saa kumi, koti halivui.
Hajasema msiende.
Angesema, ningemjibu, majibu ninayo:
kiwanda kimefungwa, Ruaridh anapiga lipu za watu kwa mkopo,
kule kuna kazi, kuna bustani, kuna jua la Desemba.
Majibu yangu yamekaa
kama wageni waliovalia arusi iliyoahirishwa.
Yeye anakunja soksi za wajukuu,
mbili mbili, polepole mno.
Jana nilimchungulia mlangoni:
alikuwa anazikunjua, azikunje upya.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Najua. Nimekwisha kuifunga kamba mwenyewe,
nimeandika jina letu kwenye kila mpini,
kwa wino usiotoka,
na mahali pa anwani nikaacha wazi.

Alfajiri, nikisaka pasipoti ya nne,
nikatia mkono mfukoni mwa koti la Struan.
Donge. Jekundu. Limeviringishwa ndani ya karatasi ya peremende
kwa ustadi wa mtu aliyefikiri sana.
Alikuwa amesimama nyuma yangu na pajama zake.
“Ni dogo,” akasema.
“Ni dogo, lakini mbwa wao watalinusa.”
“Hatutawaambia mbwa.”

Sikucheka. Nilitamani kucheka.
Tukalitia beseni pamoja, akalikoroga kwa kidole
mpaka maji yakawa rangi ya chai iliyokolea,
tukatoka nje kwa soksi, baridi ikituuma,
tukayamwaga kwenye waridi
ambalo tangu Ijumaa si letu.

Halafu nikamvika viatu,
vyeupe nyayo, kama havijawahi kukanyaga popote.
Nikamfunga vifungo. Nikamnawisha uso.
Mikono alinipa mwenyewe, viganja juu, kama wa kukaguliwa.
Chini ya kila ukucha, mstari mwembamba mwekundu.
Fomu haikuuliza kucha.
Sikuzigusa.

Kumekucha. Mama yuko getini na koti lake.
Teksi imewahi.