Maneno ya Kufungia Sanduku

Kalia sanduku, Swabra, nivute zipu.
Huko uendako mimi sikwenda kutembea,
nilikwenda kutandika vitanda, vipupwe vitatu,
katika kijiji cha Uswisi kisichoruhusu gari.
Nilipoambiwa hakuna gari nilicheka peke yangu:
kumbe nimevuka bahari na mawingu
kuja Mkomani yenye mteremko!
Ila vichochoro vyetu vinanuka punda na mkate wa mofa,
na vyao havinuki kitu.
Pua yako itashinda njaa.

Halafu saa.
Mwenzangu wa jikoni alisema treni ni ya tatu,
nami na saa yangu ya Lamu nikafika saa tatu,
asubuhi, kituo hakijafagiliwa theluji.
Tatu yao ni tisa yetu, mwanangu.
Nikakaa benchini saa sita nzima, vidole ganzi,
hata bibi mmoja mwenye mbwa akanimiminia chai ya chupa yake.
Hakusema neno, nami sikuwa nalo.
Treni ikaja saa tisa kamili,
nikaichukia kwa unyofu wake.

Jumapili usifue, usiburute kiti,
usitupe chupa kwenye pipa la chupa: jirani ataandika barua.
Si chuki. Kimya kwao ni mali,
kama sisi na milango ya nakshi, hatutaki mtu aikwaruze.
Wala usibishe hodi bila miadi.
Mlimani kila mtu atakuamkia, hata anayehema;
mkishuka mjini, huyohuyo
atakutazama kama kioo cha dirisha.
Usiumie. Salamu zao zinataka mwinuko.

Maji ya bomba kunywa. Jibini, ziba pua kwanza.
Kahawa, hesabu pesa kabla hujaketi:
kikombe kimoja ni kilo nzima ya changu hapa.
Na uso upake mafuta, usiniambie sisi watu wa jua!
Jua la theluji hupiga kutoka chini.
Mimi nilibabuka hapa, ona, chini ya kidevu,
mahali ambapo jua la Lamu halijapata kufika.

Udi nimekutilia, lakini usichome chumbani.
Mimi nilichoma, Ijumaa, kipande cha ukucha tu,
dari ikapiga yowe la matanga,
wakaja wazimamoto wanne na kofia zao.
Mmoja akanusa, akafumba macho,
akauliza unauzwa wapi.

Sikiliza. Usiku theluji huporomoka paani,
bu!
kama punda aliyechoka na mzigo wa matumbawe.
Usishtuke.
Mimi nilikuwa nikishtuka, nikimwita babako,
na babako wakati ule alikuwa hapa, amelala, hana habari.

Basi. Inuka, limefungika.
Chokoleti usiniletee, itayeyuka kabla ya Manda.
Ng'ombe wao huvaa kengele shingoni;
kiangazi, wakipanda malishoni,
nilikuwa naacha shuka katikati ya kitanda
nisikilize hadi ya mwisho ipotee.
Niletee moja, ndogo.
Nitamvisha punda wa Shekuwe
anayepita hapa kila alfajiri
na sijui kwa nini nataka kujua
amefika wapi.