Sekunde Saba

Tuliwaita themanini na wawili, wengi wao wanawake,
umri thelathini na mitano hadi hamsini na minne,
kwenye ukumbi wa hoteli nyuma ya uwanja wa ndege wa Dayton:
zulia la rangi ya kutu, kahawa iliyopoa,
mkate wenye nyama ya bata mzinga kwa kila kichwa
na bahasha ya dola sitini na tano wakati wa kutoka.
Kila mmoja tulimpa kidude chenye kitufe cha kuzungusha,
kushoto kabisa sifuri, kulia kabisa mia.
"Msifikiri," nikawaambia. "Zungusheni tu.
Kufikiri mtuachie sisi."
Wakacheka. Hucheka kila mwaka.

Nyimbo mia sita, kila wimbo sekunde saba.
Si mwanzo wake, si ubeti. Tunakata pale pale
ambapo mwosha vyombo huinua kichwa,
kile kipande cha kiitikio ambacho hata asiyejua maneno
hukimung'unya.
Mwaka sabini na nane: sekunde saba.
Ndoa iliyodumu miaka tisa: sekunde saba.
Gari la baba, mvua, vioo vimeshika ukungu,
mkono wa mtu ambaye leo hata jina lake la ukoo limekutoka:
saba. Kengele. Unaofuata.

Tunaziita zilipendwa,
na neno lenyewe lina siri zake: zilipendwa na nani?
Halimtaji mpenzi, wala halisemi mapenzi yaliishia wapi.
Hilo pengo mimi nalipwa kulijaza kwa namba.
Chini ya sitini, kwaheri.
Juu ya themanini, mara tano kwa siku
mpaka watu waseme sasa basi,
na hiyo "sasa basi" nayo ina safu yake kwenye jedwali.

Wimbo wa mia mbili na kumi na saba
ni wa piano, halafu saksafoni inaingia bila kubisha hodi.
Aliyeuimba hakuwahi kupata wimbo mwingine.
Kwenye skrini yangu mistari yote ikapanda kwa pamoja
kama waumini wanaposimama.
Mmoja tu haukupanda. Kiti cha arobaini na tatu.
Ulishuka sifuri kabla ya sekunde ya pili,
kama mkono uliogusa sufuria jikoni.

Nikadhani kidude kimeharibika.

Alinisubiri mlangoni, koti kalifunga mpaka shingoni.
Colleen Brandewie. Husafisha meno ya watu huko Kettering.
"Ule wa saksafoni," akasema. "Mtauondoa?"
Nikamwambia ukweli: wastani ni themanini na moja.
Sifuri moja kati ya themanini na mbili haizamishi kitu.
"Utapigwa," nikasema, "na utapigwa sana."
"Alikuwa akiuimba kila akikaanga mayai.
Akiukosea makusudi, ili nimsahihishe."
Sikumuuliza ni nani. Bahasha aliikunja mara mbili,
kisha akaifungua, akainyoosha kwa kiganja.
"Basi angalau niambie saa ngapi."

Kompyuta ndiyo hupanga, nilimjibu,
na ni kweli, kompyuta ndiyo hupanga.
Lakini ndani yake, chini kabisa, kuna kijisanduku
ambacho hakuna afunguaye isipokuwa mimi.
Usiku ule nikaandika humo:
namba 217, isipigwe
kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi,
Jumatatu hadi Ijumaa.

Mwezi wa tatu, bwana Oyler aliingia na karatasi zake.
Wimbo mzuri hivi, alama themanini na moja,
mbona asubuhi hausikiki, watu wakiwa barabarani?

"Utafiti," nikamjibu,
nikaongeza sauti ya spika.