Bonde

Godoro letu lilikuwa na bonde katikati.
Onditi aliliita Bonde la Ufa,
na kama mabonde yote lilijichimba polepole:
miaka tisa, mimba mbili,
na magunia ya unga anayobeba kiwandani
kisha huja kuyalalia, bado yamo mgongoni.

Saa saba usiku bando ni rahisi.
Yeye yuko zamu, mimi nimejifunika gubigubi,
simu usoni, kidole gumba kikipekua magodoro.
Godoro zima la mpira halisi: bei ya ng'ombe na ndama wake.
Nikacheka peke yangu, nikashuka,
nikashuka tena, hadi mahali pa watu kama sisi:
tandiko tu, inchi mbili, la kulaza juu ya lile bovu,
*utomvu asilia, limekatika pembe moja, halirudishwi.*

Kumbe ni maziwa ya mti.
Mti huchanjwa gome alfajiri, ukalia ndani ya kikombe,
machozi yakapigwa yakaumuka, yakaokwa kwenye kalibu.
(Onditi alipenda hapo pa kuokwa.
Hata kitanda, alisema, kumbe ni mkate.)

Nikamwandikia muuzaji:
Ni mpira kweli, ama sponji iliyobatizwa?
Akajibu: Dada, lipige ngumi.
Likirudi kwa kusitasita, kama mtu aliyenuna, ni sponji.
Likirudi kama mtoto aliyesikia sufuria ikifunuliwa, ni mpira.
Nitalipigaje ngumi ndani ya kioo cha simu?
Akanitumia kicheko,
kisha akapunguza mia tatu.

Nikasema nitalipa nikipokea.
Sinunui mbuzi kwenye gunia.
Jumanne likaja Tassia kwa pikipiki,
ndani ya gunia.

Pale getini, mbele ya keateka
na foleni nzima ya mitungi ya maji,
nilikata kamba kwa mkasi wangu wa kushonea.
Likatoa pumzi ndefu, likanuka viatu vipya.
Nikakunja ngumi. Foleni ikanyamaza.
Nikapiga.
Mama Kemunto ndiye aliyesema, "Limerudi!"
Nikalipa. Kijana wa pikipiki akatazama ghorofa ya saba,
akaniambia ngazi hazikuwa kwenye makubaliano.

Sasa, tandiko juu ya bonde ni bonde lenye tandiko.
Hilo muuzaji hakuniambia.
Nikaleta mabaki ya sare za shule, mfuko mzima,
kola, mikanda, vipande vya kijani na samawati,
nikafukia, nikashindilia kwa magoti,
nikatandika juu yake utomvu wa mti nisioujua.
Onditi alilala saa kumi bila kugeuka.
Nilimwekea mkono puani, kuhakikisha.

Lakini bonde lilikuwa na kazi yake.
Zamani tukigombana, kila mtu alishika ukingo wake,
usingizi ukatulegeza vidole,
na jogoo wa jirani akatukuta chini kule, goti kwa goti,
hakuna aliyeomba radhi.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, tuligombana.
Ni pesa alizomkopesha kakake, tena.
Tukalala sawasawa kama juu ya meza,
katikati yetu uwanja.
Mgongo hauumi. Nikangoja kuporomoka.
Hakuna kilichoporomoka.

Kama saa tisa hivi nikasikia kiwiko.
Kisha nyonga. Kisha kiwiko tena,
kama mtu anayevuka shamba la watu gizani.
"Umelala?" nikauliza.
"Nimelala," akasema,
akaweka kisigino chake baridi juu ya wangu.

Muuzaji ameniomba nyota tano.
Nimempa nne.
Pembe ni kweli imekatika, upande wa miguuni,
na kila usiku mguu wa Onditi unaenda kuitafuta.