Heshi Haiulizi Jina

Saa nane usiku umeme wa Ruzizi ukarudi,
na seva zikaanza kukoroma ghalani
juu ya Nyawera, chumba kisicho na dirisha,
mimi na Cibalonza na chupa ya chai iliyopoa.
Friji za chanjo zikaitika moja moja: niko.
Kompyuta arobaini na moja zikaitika: niko.
Ya mhasibu ilichelewa.

Ndani yake faili. Jina lake: ankara_ya_machi.
Jina jema, la kikazi, jina lililovaa tai.
Limepanda mlima kwa flashi kutoka Uvira,
mfukoni mwa dereva, pamoja na karanga.

Sikulifungua.
Nyoka humpimi urefu kwa kidole chako.
Nikalitia kinuni.
Kinu hiki husaga kitabu cha kurasa elfu
au neno moja tu, "ndiyo,"
na kipimo cha unga ni kilekile:
alama sitini na nne, haizidi, haipungui,
tarakimu na herufi, a hadi f,
na unga huo haurudi kuwa muhogo.
Cibalonza, aliyesoma, anauita heshi.
Mimi, mtoto wa muuza bunga wa Kadutu,
najua ninachokiona.

Nikasoma: tisa, f, nne, nne, a, sifuri...
"Polepole," akasema, kidole kwenye orodha ya wabaya.
c, saba, saba, e...
Kidole kikasimama.
"Huyu tunaye. Hufunga mafaili yote, kisha hudai fidia."

Nilikuwa na miaka tisa.
Kamba imevutwa barabarani, njia ya Nyangezi,
askari akamuuliza baba jina. Baba akalitaja.
Akauliza tena, kana kwamba la kwanza lilikuwa koti
na chini yake kuna jingine.
Alikuwa na daftari.
Hakutazama gunia letu, maharagwe na redio.
Hakutazama kucha za baba, zilizojaa chokaa ya ujenzi.
Alitafuta jina, akalipata,
nasi tukakaa kando ya barabara mpaka giza
kwa deni la mtu mwingine
aliyeitwa vilevile, aliyefanya sijui nini.

Heshi haiulizi jina.
Liite faili hilo sala, liite picha_za_harusi,
unga ni uleule.
Haiulizi umetoka wapi, lafudhi yako ya wapi.
Husaga kilichomo, punje kwa punje, basi.
Hilo nalipenda.
Nililipenda mpaka saa kumi.

Saa kumi kompyuta ya maabara ilikuwa inahema
na hakuna aliyeipa kazi.
Tukamkuta ndugu yake mle:
uzito uleule, umezidi baiti moja.
Mtu, mahali fulani, amebonyeza kitufe mara moja,
ameongeza nafasi tupu mwishoni, si kitu, pumzi,
na unga wote umegeuka.
Orodha ikasema: simjui.
Orodha ikasema: apite.

Nikakaa kimya, kalamu mkononi.
Daftari langu nalo linawajua
wezi waliokwisha kuiba, tena kwa nguo za siku ile.
"Usilinunie," Cibalonza akasema,
"limetuokolea mashine thelathini na tisa.
Hizi mbili tutazing'oa waya kwa mkono."
Tukazing'oa.
Friji hatukuzigusa. Ziliendelea na nyuzi zao nne za baridi.

Akaandika alama mpya chini ya orodha,
akamtumia Byamungu kule Goma
kabla umeme haujabadili nia.
Jibu likaja upesi; naye hakuwa amelala:
"Asante. Mimi ninaye wa tatu."

Nikafungua ukurasa mpya.
"Msomee," nikamwambia Cibalonza, "amalize, kisha asome wake."
Simu ikawekwa katikati ya vikombe.
Mbili, b, sifuri, sifuri, d...
"Polepole," nikasema.